Kura Ambayo Serikali Inakubali Kushindwa: Ubia wa Serikali na Wananchi Vijijini Ulaya

Mheshimiwa Mwenyekiti, waheshimiwa madiwani, maofisa maendeleo ya jamii, wahadhiri na wanafunzi, mabibi na mabwana,

Nimeombwa nizungumzie namna serikali na wananchi wanavyoshirikiana kuendeleza maeneo ya vijijini barani Ulaya. Naomba nianze na kifungu kimoja kikavu cha sheria, kwa kuwa ndani yake ndimo ulimo mjadala wote. Kanuni za Umoja wa Ulaya za mwaka 2013 zilieleza kwamba katika kikundi cha wenyeji kinachopewa fedha za kuendeleza eneo lake, si mamlaka za umma wala kundi lolote moja la wenye maslahi linaloruhusiwa kuwa na zaidi ya asilimia 49 ya kura. Zaidi ya hapo, mradi unapopigiwa kura, angalau nusu ya kura lazima zitoke kwa wabia wasio wa serikali. Kanuni zilizofuata mwaka 2021 ziliiacha hesabu ya asilimia, zikabakiza msimamo kwamba hakuna kundi moja litakalotawala maamuzi.

Tafakarini maana yake. Serikali inaweka fedha mezani, kisha inakubali kwa maandishi kwamba katika kikao cha kuzigawa inaweza kushindwa kwa kura na mwoka mikate, mfugaji wa kondoo na mwakilishi wa chama cha vijana. Mengi huitwa ubia katika ripoti za maendeleo: warsha, kamati za ushauri, picha za pamoja mbele ya mradi uliokwisha kuamuliwa makao makuu. Mimi ninaupima ubia kwa jambo moja tu, nalo ni kama kuna kura ambayo serikali imekubali kushindwa, na kama ikishindwa kweli uamuzi huo unasimama. Kwa kipimo hicho Ulaya ina mafanikio ya kujivunia, na ina mahali ambapo ilitoa kwa mkono wa kulia ikachukua kwa mkono wa kushoto.

Chanzo cha habari hii ni mgogoro wa kilimo. Sera ya Pamoja ya Kilimo, ambayo kwa miongo miwili ililipa wakulima wazalishe zaidi, ilifikia miaka ya 1980 ikiwa imejaza maghala siagi na nafaka zisizo na mnunuzi, huku ikila zaidi ya nusu ya bajeti yote ya Jumuiya ya Ulaya, iliyoutangulia Umoja wa Ulaya. Mwaka 1984 maziwa yakawekewa ukomo wa uzalishaji. Hata hivyo fedha zote hizo hazikuwazuia vijana kuhama milima ya Hispania, kusini mwa Italia, magharibi mwa Ireland na katikati ya Ufaransa. Mwaka 1988 Tume ya Ulaya, chombo chake cha utendaji, chini ya rais wake Jacques Delors, ilitoa waraka kuhusu mustakabali wa jamii za vijijini uliokiri kwamba kijiji si shamba peke yake: kina shule, duka, fundi, ofisi ya posta, wazee na watoto. Mwaka huohuo mageuzi ya mifuko ya maendeleo ya mikoa yaliingiza kanuni ya ubia katika sheria, ingawa wakati ule ubia ulihusu zaidi Tume, serikali za nchi na mamlaka za mikoa kuliko mwananchi wa kawaida.

Hapo ndipo ilipozaliwa LEADER mwaka 1991, programu ambayo jina lake ni ufupisho wa maneno ya Kifaransa yanayohusu kuunganisha shughuli za maendeleo ya uchumi wa vijijini. Ilianza kama jaribio dogo lenye vikundi 217. Utaratibu wake haujabadilika sana kimsingi. Eneo lenye watu, kwa kawaida, kati ya 10,000 na 150,000 linaunda kikundi chenye halmashauri, wafanyabiashara, wakulima, asasi na wakazi. Kikundi kinaandika mkakati wa eneo lake kwa miaka kadhaa na kuushindanisha na mikakati ya maeneo mengine, na kikishinda kinapewa fungu lake. Kutoka hapo mkazi mwenye wazo, au chama cha kijiji, anapeleka andiko la mradi kwenye kikundi, na bodi ya kikundi ndiyo inayopiga kura. Miradi yenyewe mara nyingi ni midogo: kinu kilichotelekezwa kinageuzwa kuwa karakana, wafugaji wanapata chumba cha pamoja cha kutengenezea jibini, ukumbi wa kijiji unaezekwa upya, gari dogo linanunuliwa la kuwapeleka wazee hospitali.

Wengi waliokuwapo miaka ile ya kwanza wanaikumbuka kwa jambo moja, yaani wepesi. Katika nchi kadhaa kikundi kilipewa fungu zima kwa mkupuo, kikalisimamia chenyewe na kutoa hesabu baadaye. Wananchi walikosea, wakajifunza, wakajaribu tena. Kwa kuwa fedha zilikuwa chache na programu haikuwa na jina kubwa, wakubwa hawakuitupia macho sana. Nadhani uchache huo uliisaidia kuliko tunavyokiri, kwa sababu mahali ambapo fungu ni dogo mtu mwenye tamaa hapotezi muda wake.

Kisha mafanikio yakaleta ukubwa. Mwaka 1996, katika mkutano uliofanyika Cork, Ireland, Kamishna wa Kilimo wa Umoja wa Ulaya, Franz Fischler, alisimamia tamko lililotaka maendeleo ya vijijini yaanzie chini na yaheshimu tofauti za maeneo. Kuanzia mwaka 2007 LEADER haikuwa tena jaribio la pembeni. Iliingizwa ndani ya mfuko mkuu wa maendeleo ya vijijini, na kila nchi ikatakiwa kuitengea angalau asilimia 5 ya fedha zake za mfuko huo, huku nchi mpya zikianza na nusu ya kiwango hicho. Vikundi vikazidi 2,000, na katika awamu iliyofuata vikakaribia 2,800. Kwa hesabu za makao makuu huo ulikuwa ushindi mkubwa.

Vijijini hali ilikuwa tofauti. Fedha zilipohamia mfuko mkuu zilihama pamoja na taratibu zilizobuniwa kwa ajili ya malipo makubwa ya kilimo: hati za bei kutoka kwa wauzaji watatu, uthibitisho wa kila ankara, ukaguzi juu ya ukaguzi, na, zito kuliko yote, malipo ya marejesho. Marejesho maana yake ni kwamba mwenye mradi anatanguliza fedha zake mwenyewe, anakamilisha kazi, anakusanya risiti, kisha anasubiri miezi mingi arudishiwe. Sasa niambieni, nani kijijini ana fedha za kutanguliza? Halmashauri inazo, na kampuni yenye dhamana benki inazo. Chama cha akina mama wanaotaka kufungua kituo cha kulelea watoto hakina. Hakuna aliyebadilisha hata kura moja katika bodi, na kanuni ya kuwapa nafasi wabia wasio wa serikali ilibaki palepale ukutani, lakini fedha zikaanza kutiririka kuelekea kwa walewale waliokuwa nazo tangu awali. Mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama, na hapa kisu kilikuwa akaunti ya benki.

Mahakama ya Wakaguzi wa Hesabu ya Ulaya iliyaona hayo mapema. Ripoti yake maalumu ya mwaka 2010 ilionyesha kuwa katika baadhi ya vikundi ilivyovikagua mamlaka za umma zilitawala vikao licha ya kanuni, kwamba baadhi ya vikundi vilitoa sehemu kubwa ya ruzuku kwa taasisi zilizokuwa wanachama wao wenyewe, na kwamba kulikuwa na miradi iliyolipiwa ingawa ingefanyika hata bila ruzuku. Wakaguzi walirudi tena mwaka 2022. Safari hii walikubali kwamba mtindo huu unawavuta wenyeji washiriki, lakini wakasema faida ya ziada inayotokana na gharama zake za usimamizi bado haijathibitishwa vya kutosha, wakataja ucheleweshaji unaoletwa na hatua nyingi za maombi, na wakaonyesha kwamba katika nchi kadhaa fedha zilikwenda kugharimia kazi ambazo kisheria ni wajibu wa mamlaka za umma.

Ninawaheshimu wakaguzi hao, na hoja yao ya mwisho ni nzito, kwa maana fungu la wananchi likianza kujenga kile ambacho halmashauri ilipaswa kukijenga kwa bajeti yake, ubia umegeuka kuwa njia ya kuchangisha. Lakini katika hoja ya gharama sikubaliani nao moja kwa moja. Kanuni za 2013 ziliruhusu hadi asilimia 25 ya matumizi ya umma chini ya mkakati zitumike kuendesha kikundi na kuhamasisha wananchi, na kila mara kuna anayeuliza kwa nini robo ya fedha iishie kwenye mishahara. Jibu ni kwamba pasipo mtu wa kwenda kijiji kwa kijiji, kukaa jikoni kwa mzee, kusikiliza wazo ambalo halijawa andiko na kulisaidia likawa andiko, maombi yatatoka kwa wale tu wanaojua kuandika maombi. Mshahara wa mhamasishaji ndio unaomwezesha mnyonge kuufikia mlango. Ukiukata, takwimu za gharama zitapendeza, na orodha ya wanufaika itafanana na orodha ya wageni waalikwa wa ofisi ya meya.

Ndugu washiriki, nataka nikae kidogo na Ireland, kwa kuwa pale mvutano huu ulionekana waziwazi.

Ireland ina mizizi mirefu ya kujitegemea vijijini. Muintir na Tíre, chama kilichoanzishwa mwaka 1937 na kasisi John Hayes, kilikuwa kikiwakusanya wakulima, vibarua na wakazi wengine wa parokia katika mabaraza ya kijiji miongo mingi kabla LEADER haijafikiriwa. Kwa hiyo programu ilipokuja, nchi ilikuwa na watu waliokwisha kuzoea kukutana. Kampuni za maendeleo za wenyeji, zisizogawana faida na zenye bodi zao, zilishika usukani. IRD Duhallow, iliyoanzishwa mwaka 1989 kwenye mpaka wa kaunti za Cork na Kerry, ni mfano unaotajwa mara nyingi. Kampuni hizi zilipata uzoefu, zikaajiri, zikaunganisha fedha za LEADER na programu za ajira na huduma za wazee, na baadhi yake zikawa taasisi nzito katika maeneo yao.

Uzito huo ndio ulioleta swali. Diwani aliyechaguliwa kwa kura za wananchi alimtazama mkurugenzi wa kampuni ya maendeleo akauliza: wewe ulichaguliwa na nani? Swali hilo si la hila hata kidogo. Bodi ya kikundi haichaguliwi na watu wote wa eneo. Mara nyingi inaundwa na wale wenye muda, wenye elimu na wenye mazoea ya vikao, na watu wa namna hiyo wanaweza kukalia viti kwa miaka mingi bila kuondolewa. Serikali ya Ireland ilitoa waraka wa mageuzi mwaka 2012, kisha Sheria ya Mageuzi ya Serikali za Mitaa ya mwaka 2014 ikaunda kamati za maendeleo ya jamii ndani ya mfumo wa halmashauri za kaunti. Katika awamu iliyofuata kamati hizo ndizo zilizokuwa vikundi vya LEADER katika sehemu kubwa ya nchi, na kampuni za wenyeji zikabaki watekelezaji chini yao. Hoja rasmi ilikuwa kupunguza urudufu wa kazi na kurudisha uwajibikaji kwa waliochaguliwa.

Matokeo ya mwanzo hayakuwa mazuri. Programu yenye bahasha ya euro milioni 250, iliyopaswa kuhesabiwa tangu mwaka 2014, ilisaini mikataba yake mingi mwaka 2016, na miradi ikachelewa kiasi cha kulalamikiwa bungeni. Kulikuwa na tabaka moja zaidi la sahihi, na kila sahihi ilikuwa na meza yake. Waziri aliyesimamia mageuzi hayo, Phil Hogan, aliondoka serikalini mwaka 2014 akawa Kamishna wa Kilimo wa Umoja wa Ulaya, na mwezi Septemba 2016, katika jiji lilelile la Cork, akawa mwenyeji wa mkutano wa pili uliotoa tamko jipya la kutetea mikakati inayoanzia kwa wananchi. Silisemi hili kwa kejeli. Inawezekana kabisa mtu mmoja kuamini mambo yote mawili: kwamba fedha za umma lazima zisimamiwe na waliochaguliwa, na kwamba wananchi waamue wenyewe. Ugumu ni kwamba kwenye karatasi ya malipo kuna nafasi ya sahihi ya mwisho moja tu.

Finland ililijibu swali la diwani kwa njia nyingine, nami naiona njia hiyo kuwa ya busara zaidi. Ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995 tayari ilikuwa na kamati za vijiji zilizoenea tangu miaka ya 1970, na badala ya kuchagua kati ya halmashauri na asasi iligawa bodi ya kila kikundi mafungu matatu: theluthi moja wawakilishi wa manispaa, theluthi moja vyama na mashirika ya eneo, na theluthi moja wakazi wa kawaida wasiowakilisha taasisi yoyote. Wajumbe wana ukomo wa kukaa. Manispaa nazo zinachangia fedha, kwa hiyo haziwezi kukaa pembeni kama wageni. Kazi za kujitolea, za aina ambayo sisi tungeiita msaragambo, zinaweza kuhesabiwa kuwa mchango wa wananchi katika mradi, jambo linalompunguzia mwanakijiji mzigo wa kutafuta taslimu. Na Finland haikungoja Brussels, yaliko makao makuu ya Umoja wa Ulaya, ipanue wigo: maeneo ambayo hayakupata LEADER katika awamu ya kwanza yaliwekewa programu ya kitaifa iliyofuata mtindo uleule kwa fedha za nchi yenyewe.

Poland imekwenda njia fupi zaidi, isiyohitaji kikundi wala andiko refu. Sheria ya Februari 2009, na sasa ile iliyochukua nafasi yake mwaka 2014, inairuhusu manispaa ya vijijini kutenga sehemu ya bajeti yake kuwa mfuko wa vijiji, unaogawanywa kwa fomula inayozingatia idadi ya wakazi. Mkutano wa kijiji ndio unaopitisha ombi, kwa hoja ya mwenyekiti wa kijiji, baraza lake, au wakazi watu wazima wasiopungua 15. Mkuu wa manispaa hana ruhusa ya kulikataa kwa kutolipenda. Anaweza kulikataa kwa sababu zilizotajwa na sheria tu, kama vile jambo hilo kutokuwa kazi ya manispaa. Serikali kuu nayo inairudishia manispaa sehemu ya gharama, ili ishawishike kuuweka mfuko huo. Wanaofanya kazi na mkutano mkuu wa kijiji nchini Tanzania wataona mara moja kilichoongezwa: mkutano huo unajua kiasi chake cha fedha kabla ya kukaa, na unajua kwamba ukiamua ndani ya sheria hakuna ofisi itakayoutengua. Kasoro ipo, nayo si ndogo, kwamba baraza la manispaa ndilo linaloamua kama mfuko uwepo au usiwepo. Fedha zenyewe pia ni ndogo. Zinatosha taa za barabarani, uwanja wa watoto, majiko ya ukumbi. Lakini ninaona watu huhudhuria mkutano wanapojua kwamba unaamua kitu.

Kuhusu Italia nitasema kwa ufupi. Mkakati wake wa maeneo ya ndani ulioasisiwa na Fabrizio Barca alipokuwa waziri, kati ya 2011 na 2013, ulichagua maeneo 72 yaliyo mbali na huduma, ukazitaka manispaa ndogo ziungane kwanza, na ukaweka shule, afya na usafiri mbele ya miradi ya biashara. Ni wazo zuri ninaloliunga mkono, kwani hakuna ruzuku ya utalii itakayombakiza mzazi mahali ambapo shule imefungwa. Utekelezaji wake ulikuwa wa polepole mno, makubaliano yakichukua miaka kutiwa sahihi.

Mfano wa mwisho unatoka nje ya utaratibu huu wote, katika kisiwa cha Eigg, magharibi mwa Scotland. Kwa miaka mingi kisiwa kizima kilikuwa mali ya mmiliki mmoja mmoja, akiuza huyu akinunua yule, na wakazi hawakuwa na uhakika wa nyumba walizoishi. Mwezi Juni 1997 kilinunuliwa kwa takriban pauni milioni 1.5, sehemu kubwa ikitoka kwa mfadhili mmoja asiyetaka jina lake lijulikane na nyingine kwa michango ya umma, na kikawekwa chini ya wakfu unaoendeshwa na wakazi pamoja na Halmashauri ya Highland na shirika la kuhifadhi wanyamapori. Wakazi walikuwa kama sitini tu. Mwaka 2008 waliwasha gridi yao ya umeme wa maji, upepo na jua, sehemu kubwa ya gharama ikilipwa na Umoja wa Ulaya, na wakajiwekea sharti kwamba hakuna nyumba itakayotumia zaidi ya kilowati 5 kwa wakati mmoja. Hakuna waziri ambaye angethubutu kuwapangia raia sharti kama hilo. Waliweza kwa sababu ardhi ilikuwa mikononi mwao, na halmashauri ilikuwa mezani ikiwa mbia mmoja kati ya wabia. Idadi ya wakazi sasa imepita mia moja. Bunge la Scotland, kwa sheria ya ardhi ya mwaka 2003, liliipa jamii ya vijijini haki ya kusajili nia yake juu ya ardhi na kuwa ya kwanza kuinunua pale mmiliki anapoamua kuiuza. Eigg ilikuwa imeshatangulia kuonyesha kwamba jambo hilo linawezekana.

Mheshimiwa Mwenyekiti, haya ninayoyaeleza hayajatulia. Mwezi Julai 2025 Tume ya Ulaya ilipendekeza kwamba katika bajeti ya 2028 hadi 2034 fedha za kilimo na fedha za mikoa zikusanywe katika mpango mmoja kwa kila nchi, mpango ulioitwa wa ubia wa kitaifa na kimkoa. Hadi sasa vikundi vya wenyeji vimekuwa vikilindwa na ile asilimia 5 iliyoandikwa katika sheria, na mitandao yao inataka kinga ya namna hiyo ibaki. Bila kinga hiyo kila kikundi kitalazimika kwenda kwa wizara ya nchi yake kuomba nafasi, kikishindana na jumuiya za wakulima wakubwa na serikali za mikoa. Mazungumzo kati ya serikali za nchi wanachama na Bunge la Ulaya ndiyo yatakayoamua. Ninawashauri wanafunzi mliomo humu ukumbini mnaotafuta mada ya utafiti mfuatilie vifungu viwili tu katika rasimu hizo: kile kinachotaja kiwango cha chini cha fedha, na kile kinachoeleza nani anaidhinisha mradi baada ya bodi ya wenyeji kupiga kura.

Ahsanteni sana. Niko tayari kwa maswali.